Maji Hayangoji Mnada wa Korosho

Mtwara pesa ina msimu wake. Korosho huanza kuokotwa mwezi wa tisa, minada hufunguliwa Oktoba, na kuanzia hapo hadi karibu na Krismasi simu za wakulima hulia kwa ujumbe wa benki. Ndiyo miezi ya kuezeka bati, kuoza binti, kununua pikipiki na kufuta madeni ya dukani. Ndiyo pia miezi ambayo mtu aliyeishi maisha yake yote kati ya Mikindani na Msimbati hujiambia kwamba mwaka huu, Mungu akipenda, naye atakwenda kuona kitu ambacho dunia nzima inakizungumzia.

Kisa hiki ni cha watu watano wa Mikindani waliopanga kwenda kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale yanayoitwa pia Maporomoko ya Victoria, mtoni Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Watu wenyewe nimewatunga, ili pasiwe na anayeumbuliwa. Mito, mipaka, barabara na miezi ni ya kweli, na makosa waliyoyafanya yanamkabili kila msafiri anayetoka huku kusini akiwa na hamu kubwa na pesa za mara moja kwa mwaka.

Walikuwa wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa kilichokutana kila Jumamosi alasiri barazani, jirani na Boma la Wajerumani. Mwenyekiti alikuwa na shamba la mikorosho upande wa Naliendele. Mwalimu alifundisha sekondari. Mweka hazina alikuwa fundi cherehani, mwanamke makini ambaye daftari lake halikuwahi kukosa hata shilingi. Wa nne alikuwa mama anayekaanga samaki stendi, na wa tano kijana wa bodaboda. Pembeni yao aliketi Nahodha, mzee aliyestaafu bahari, ambaye magoti yake yalikuwa yamemkatalia safari ndefu lakini hakukosa kikao.

"Nahodha, shikamoo," Mwenyekiti alianza. "Tunakwenda Zambia mwezi wa kumi na moja, mnada wa pili ukishalipwa. Tunaomba baraka zako."

"Marahaba. Mto huo hujaa lini?"

"Maporomoko hayahami, Nahodha. Yapo palepale tangu dunia iumbwe."

"Sikuuliza yapo wapi, mwanangu. Nimeuliza mto hujaa lini."

Hapakuwa na jibu. Mwalimu alitoa simu akawaonyesha tena ile video iliyowatia hamu tangu mwanzo: ukuta mrefu wa maji meupe, mvuke unapanda juu kuliko miti, watu waliovaa makoti ya mvua wanacheka bila kusikika. Waliitazama mara mbili. Hakuna aliyeuliza ilirekodiwa mwezi gani, na kikao kikaendelea na hesabu ya nauli.

Swali la Nahodha lilikuwa limetoka Msimbati. Anayeijua pwani ile, kutoka kwenye visima vya gesi vya Ghuba ya Mnazi hadi kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma, anajua kwamba mto ule hauingiwi kwa kutaka. Chombo husubiri nje hadi maji yajae. Nahodha humuuliza mvuvi aliyetoka asubuhi ile mlango uko upande gani, kwa sababu mafungu ya mchanga huhama na mkondo uliopita mwaka jana leo unaweza kuwa nchi kavu. Bamvua humpa maji mengi lakini humpa na mkondo mkali. Siku za maji mafu mkondo hupoa, ila kina nacho hupungua. Ukikosea saa, maji yanakupwa na kukuacha umekaa juu ya fungu mpaka maji mengine, na viboko wa pale hawana subira na wageni. Elimu hiyo kila mtu wa Msimbati anayo. Cha kusikitisha ni kwamba tukishapanda basi kwenda bara tunaiacha pwani, kana kwamba mito ya huko haina kujaa wala kupwa kwake.

Aliyetangulia kuumizwa na kosa hili katika mto wetu ni mtu ambaye jina lake limebandikwa kwenye maporomoko yenyewe. David Livingstone aliyaona Mosi-oa-Tunya Novemba 1855, akayapa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao tangu zamani. Miaka michache baadaye alitafuta njia ya maji ya kuingia bara bila kupita mikononi mwa Wareno waliotawala mdomo wa Zambezi, akaiangalia ramani na kuona Ruvuma. Machi 1861 aliingia na meli ya mvuke, Pioneer. Meli ilizama majini kwa futi tano hivi, nyingi mno kwa mto ule, na maji yalikuwa tayari yanapungua. Hakwenda mbali, akageuza asije akakwama mwaka mzima. Mwaka uliofuata alirudi na mashua, safari hii Septemba, mto ukiwa umekauka zaidi. Walikuwa wakizikokota mashua mchangani siku baada ya siku, hadi miamba ikafunga njia kabisa.

Alirudi mara ya tatu mwaka 1866 na mzigo wa ajabu: ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda. Alitaka kujaribu kama wanyama hao wataweza kuhimili mbung'o. Mdomo wa Ruvuma ukamkatalia tena, kwa kuwa kwenye mikoko na matope yale hapakuwa na pa kuteremshia ngamia. Ikabidi arudi nyuma hadi Mikindani, ambako hadi leo kuna nyumba inayohusishwa na jina lake. Wanyama wale walikufa njiani mmoja baada ya mwingine, kwa kupigwa, kuchoshwa na maradhi. Watoto wetu hufundishwa kwamba alikuwa shujaa wa safari, na ujasiri hakuukosa. Mimi ningependa wafundishwe na hili: mtu huyu aliuendea mto mmoja mara tatu akiwa na fedha, meli na serikali nyuma yake, na mto ukamshinda mara zote tatu kwa sababu za kina, mwezi na mahali pa kuteremkia. Wavuvi wa Msimbati wangemwambia yote hayo.

Sasa turudi barazani. Kikundi kilikubaliana kuondoka wiki ya tatu ya Novemba, na Oktoba kikaanza kushughulikia pasipoti. Hapo ndipo watu watano wakawa watatu.

Mama wa samaki alizaliwa kijijini upande wa Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma. Mama yake mzazi alizaliwa ng'ambo, akavuka wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji kama maelfu ya Wamakonde wengine waliopokewa upande wetu. Yeye mwenyewe amevuka mto ule kwa mtumbwi tangu utotoni, kwenda mazikoni, arusini, kumjulia hali mjomba. Mpaka kwake ulikuwa mahali pa kumlipa mpiga kasia. Hata mambo yalipobadilika, baada ya vita kuzuka Cabo Delgado Oktoba 2017 na hasa baada ya Kitaya yenyewe kushambuliwa Oktoba 2020, bado moyoni mwake mto ulibaki kuwa njia. Alipofika Uhamiaji na kuulizwa cheti chake cha kuzaliwa na nyaraka za mzazi wake, hakuwa na kimoja. Hakunyanyaswa. Aliambiwa kwa upole aanzie wapi: RITA wanakosajili vizazi, kiapo, maelezo ya serikali ya kijiji. Mambo hayo yanawezekana, na ni haki yake ayakamilishe. Lakini ni kazi ya miezi, naye alikuwa na wiki tatu.

Kijana wa bodaboda alikuwa na cheti na kitambulisho cha Taifa vyote viwili. Tatizo ni kwamba jina la babu limeandikwa hivi kwenye kimoja na vile kwenye kingine, herufi moja tu. Herufi hiyo moja inahitaji kiapo, na kiapo kinahitaji wakili na muda. Niseme wazi kwa sababu nimeona watu wengi wakilidharau hili: pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018 kwa ada ya Sh150,000 si kazi ngumu kwa mtu ambaye karatasi zake zinakubaliana. Kwa mkoa kama wetu, ambako ukoo mmoja una makaburi pande mbili za mto, karatasi kukubaliana ni safari yenyewe. Mtanzania hahitaji viza kuingia Zambia wala Zimbabwe, na watu wakisikia hivyo hudhani hahitaji chochote. Anahitaji pasipoti hai, na mtoto wake anahitaji ya kwake mwenyewe. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano nayo huweza kuulizwa mpakani. Chanjo hiyo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano na sasa inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo hakuna sababu ya kuichoma usiku wa kuamkia safari.

Wale wawili walidai michango yao. Mweka hazina alikuwa ameshalipia vyumba katika mji wa Livingstone, karibu na maporomoko, kwa simu, kwa bei nafuu ile ambayo ukighairi hurudishiwi. Kwa mara ya kwanza daftari lake lilifungwa likiwa na ugomvi ndani. Mama wa samaki alimwambia maneno ambayo mwenzake hakuyasahau: "Dada, mngeniuliza kwanza kama ninaweza kwenda, kabla ya kuniuliza kama ninataka."

Watatu waliobaki walipitia Dar es Salaam. Kutoka Mtwara hadi Tunduma kuna njia fupi kwa zaidi ya kilomita 200, ya Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Makambako, ambayo sasa ni ya lami. Lakini Mwenyekiti alitaka kupita Kariakoo mara moja. Mtu mwenye pesa za korosho akipita Kariakoo mara moja ni lazima atoke na kitu, na walitoka na vitu. Bajeti ya safari ilipungua kabla hawajaona hata kibao cha Mbeya.

Tunduma walifika jioni. Tangu mwaka 2019 Tanzania na Zambia zina kituo cha pamoja cha huduma mpakani Tunduma na Nakonde, mtu agongewe mihuri yote miwili mahali pamoja, na wenye pasipoti walipita bila matata. Matata waliyaita wenyewe kwa vijana wa kubadili fedha barabarani. Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha yake Januari 2013, na noti za zamani zilishaondolewa kwenye mzunguko. Bado kuna watu wanaozitunza kwa ajili ya mgeni anayehesabu haraka gizani. Mwenyekiti alipokea bunda, akahesabu juu juu, na noti tatu za katikati zilikuwa za zamani. Hasara haikuwa kubwa. Uchungu wake ulikuwa kwamba zilikuwa zimeandikwa sifuri nyingi, na yeye alifurahi kuziona.

Halafu barabara: Mpika, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka, na kutoka Lusaka karibu kilomita 480 nyingine hadi mji wa Livingstone. Mvua zilikuwa zimeanza. Kila walikopita mitaro ilikuwa imejaa, na Mwalimu aliwatia moyo wenzake kwamba mvua hizi ndizo zitakazoyajaza maporomoko. Ilikuwa fikra ya mtu mwenye akili, na haikuwa sahihi. Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo kiini cha mkasa wote kilipo.

Zambezi huanzia Mwinilunga, kaskazini-magharibi ya Zambia, ukapita Angola, ukarudi Zambia. Mvua za huko hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Lakini maji hayateremki moja kwa moja. Hufika kwanza nyanda za Barotse, tambarare kubwa ambako mto hutanuka, hulala mabondeni kwa wiki nyingi, na watu wa pale huhamia sehemu za juu kila mwaka kwa sababu hiyo. Ndipo maji huendelea na safari yake taratibu. Kwa hiyo maporomoko hufikia kilele mwezi wa Machi na Aprili, mvua zinapoelekea mwisho, na hubaki na nguvu hadi Juni na Julai wakati anga ni kavu kabisa. Hupungua kidogo kidogo, na kiwango cha chini kabisa huwa Oktoba na Novemba. Mvua ya Novemba inayokulowesha mjini Livingstone haihusiani na maji yaliyo mbele yako, kwa kuwa unachokiona ni masalio ya mvua za msimu uliopita. Maji ya Aprili huweza kuwa mara kumi ya yale ya Novemba.

Kuna na jambo la pande mbili. Ukuta ule una upana wa meta 1,708, na maji huanguka hadi meta 108. Lakini mwamba haukukatwa sawa. Upande wa Zambia umeinuka kidogo, kwa hiyo mto ukipungua ndio unaokauka mwanzo. Maji yaliyobaki hukusanyika upande wa Zimbabwe, ambako huanguka mwaka mzima.

Watatu wale walifika asubuhi njema, lango la Zambia, makoti ya mvua waliyonunua Mtwara yakiwa yamekunjwa vizuri mikobani. Walivuka daraja la miguu ambalo mwezi wa Aprili hupiti bila kuloa chapachapa. Walivuka wakavu. Mbele yao ulisimama ukuta mrefu wa mwamba mweusi, umechanika kwa mistari ya kahawia mahali ambapo maji yangekuwa. Majani yalikuwa yameota katika nyufa. Mbali kabisa, kushoto, palionekana weupe na mvuke kidogo, upande wa nchi nyingine. Mweka hazina alimuuliza mfanyakazi wa pale kama maji yamefungwa. Akajibiwa kwa adabu kwamba hayakufungwa, ila huu ndio mwezi wake, na kwamba mwaka huu bado ni nafuu. Desemba 2019, baada ya ukame, picha za mwamba mkavu zilienea dunia nzima.

Wangeweza kuvuka. Daraja kubwa la mpakani lipo hapo hapo, limejengwa tangu 1905, na kwa miguu ni mwendo mfupi hadi mji wa Victoria Falls upande wa Zimbabwe, ambako sehemu kubwa ya maporomoko huonekana uso kwa uso. Pasipoti zao ziliruhusu. Kilichokosekana ni dola za kiingilio cha hifadhi ya pili. Walipopanga barazani walihesabu nchi moja, lango moja, siku moja. Maporomoko yaliyo mpakani yana malango mawili na sarafu mbili, na anayepanga kwa lango moja amepanga nusu ya safari. Waliishia katikati ya daraja kwa kibali cha kufika darajani tu, wakatazama korongo chini, wakapiga picha, wakarudi.

Lazima niutendee haki mwezi wa Novemba, kwa sababu sitaki msomaji aondoke na chuki nao. Livingstone mwenyewe alifika Novemba, na kwa kuwa maji yalikuwa machache aliweza kupelekwa kwa mtumbwi hadi kisiwa kilicho ukingoni kabisa, akalala kifudifudi kuchungulia korongo. Mwezi wa Aprili asingethubutu, na mvuke usingemwacha aone chini. Anayetaka kuona jinsi mwamba ulivyopasuka, Novemba ni mwezi wake. Wenzetu walitaka ile video. Mtu hana budi kujua anachokwenda kukitazama kabla ya kuchagua tarehe, na katika jambo hili simlaumu yeyote kwa kutojua. Nawalaumu kwa kupuuza swali lililoulizwa na mzee wao mbele yao, ambalo jibu lake lilihitaji dakika tano tu kwenye simu ileile iliyocheza video.

Kurudi kulikuwa na pigo moja la mwisho. Walilala Nakonde, upande wa Zambia, kwa sababu vyumba vilikuwa na nafasi. Basi la kwenda Dar lilipangwa kuondoka Tunduma saa 12 asubuhi. Mwalimu aliweka simu iwaamshe saa 11, wapate saa nzima ya kuvuka. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu ilipolia saa 11 ya Nakonde, ilikuwa saa 12 kamili Tunduma, na basi lilikuwa linatoka stendi. Mtu wa Mtwara hana udhuru hapa, kwa kuwa Msumbiji nayo iko nyuma kwa saa ileile. Mama wa samaki, ambaye wamevuka mipaka bila yeye, angewakumbusha bila kufikiri.

Januari, ada za shule zikiwa mlangoni, kikundi kilikaa tena. Wengi walitaka neno maporomoko lisitajwe tena barazani. Kuna aliyesema safari za namna ile ni za Wazungu, sisi tule korosho zetu. Neno hilo linanichoma kila ninapolisikia. Watu wa kusini wamekaa miaka mingi wakingoja barabara, wakingoja daraja la Rufiji hadi 2003, wakingoja lami ya Songea. Barabara hizo hazikujengwa ili zipitishe magunia peke yake. Mkulima aliyepalilia mikorosho miaka thelathini ana haki ya kusimama mbele ya maji yale na kuloa kama mtu mwingine yeyote duniani.

Nahodha ndiye aliyewarudisha kwenye mstari. Hakuwaambia "niliwaambia". Aliomba kalamu na ukurasa wa daftari la mweka hazina, akawauliza jambo moja moja. Maji ni mazuri lini? Aprili hadi Julai. Barabara yetu ya kusini inakuwaje Aprili? Wakakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Lindi ikakatika Somanga, mabasi yakakwama huku na huku. Basi Aprili ina maji mengi mtoni na hatari njiani. Mvuke nao huwa mzito hata usione kitu. Juni? Njia kavu, maji bado yana nguvu, shule zimefungwa na Mwalimu yuko huru. Lakini Juni mikorosho inaanza kutaka salfa, na anayeacha kupulizia kwa sababu ya matembezi ataukuta ubwiri unga umekula maua yake. Mwenyekiti akasema mdogo wake atapulizia, atamlipa. Ikaandikwa, na malipo ya mdogo wake yakaingizwa kwenye bajeti ya safari kama nauli.

Likabaki gumu kuliko yote: pesa huja Novemba, safari ni Juni. Kati yake kuna Krismasi au Idi, kuna ada, kuna msiba ambao haujulikani ni wa nani. Hapa mpango wa maporomoko huwa mpango wa akiba, na hapa vikundi vingi huvunjika. Waliamua fedha hiyo isikae kwenye sanduku la kukopeshana kabisa, maana kilichomo sandukuni kina wenyewe wengi wenye shida za kweli.

Wakaongeza na jambo ambalo mimi naliona la busara kuliko mengine. Atakayeshindwa kupata pasipoti mwaka huo asiachwe. Ikitokea hivyo, mpango ubadilike kwa wote, waende maporomoko ya Kalambo, mkoani Rukwa, ambako mto Kalambo ndio mpaka wenyewe wa Tanzania na Zambia, na maji huanguka zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja kabla ya kuelekea Ziwa Tanganyika. Kwenda mjini Matai na kuteremka hadi ukingoni upande wetu hakuhitaji pasipoti. Eneo liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wataalamu walichimbua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja na binadamu wa kale. Umri wake ulitangazwa mwaka 2023 kuwa miaka isiyopungua 476,000. Watanzania wengi hawajui kwamba tuna mpaka wenye historia hiyo. Kalambo nayo hupungua sana kiangazi, kwa hiyo swali la Nahodha linaifuata hadi kule. Na kwa kuwa mto ni mpaka, usishuke kuvuka majini kwa mazoea ya Ruvuma ukidhani hakuna anayeona.

Mama wa samaki ndiye aliyesimama kwanza siku ile, akaondoka na orodha ya nyaraka zake mkononi kwenda kuanza upya, kijana wa bodaboda akampakia bure.

Kama kikundi chako kitalipwa Novemba hii, nakuomba ufanye mambo haya kabla pesa haijazoea mikono. Fungueni akaunti ya pili, nje ya sanduku la kukopeshana, na muiandikie Juni. Wekeni bajeti ya malango mawili hata kama mtapita moja. Na Januari, wa kwanza kupelekwa RITA na Uhamiaji awe yule ambaye karatasi zake ndizo ngumu kuliko za wote.